Maombi sabini, majibu matatu: wasomaji wanauliza kuhusu kazi na mafunzo kwa vitendo

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo, na karibu zote zina kilio kimoja: natuma, sijibiwi. Kabla ya kujibu, tunaomba msomaji amfikirie mtu aliye upande wa pili. Kumpokea mwanafunzi ni mzigo kwake: atafute meza, atafute msimamizi, afundishe, ajaze fomu za chuo. Ombi linalompunguzia mzigo huo hujibiwa. Linalomwongezea huachwa kwanza, kisha husahaulika.

Shikamooni. Nasoma uhasibu mwaka wa pili na likizo ndefu natakiwa kwenda mafunzoni. Wenzangu wanasema kutafuta mwezi mmoja kabla kunatosha. Ni kweli?

Marahaba. Inategemea unabisha mlango wa nani. Benki za kimataifa, kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu, za ushauri na za teknolojia mara nyingi hufungua dirisha la maombi miezi 6 hadi 10 kabla ya mafunzo kuanza. Baadhi husoma maombi kadiri yanavyoingia na kufunga nafasi zikijaa, hivyo anayesubiri siku ya mwisho hukuta viti vimekwisha. Ofisi ya watu 8 haina dirisha wala ratiba. Mwenye nayo hukumbuka kwamba anahitaji msaidizi pale kazi inapomlemea, na ukimwandikia miezi tisa mapema atakuwa amekusahau. Kwake, wiki 4 hadi 8 kabla ndio wakati mzuri.

Mashirika ya kimataifa yana masharti yake, na usipoyasoma utapoteza jioni nzima kujaza fomu isiyokuhusu. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hupokea walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, wanaosomea shahada za juu, au waliohitimu ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili bado. Muda ni miezi 2 hadi 6, bila mshahara. Kwa wa sayansi na uhandisi ipo IAESTE, iliyoanzishwa 1948, inayopeleka wanafunzi nchi nyingine kwa mafunzo yenye posho. Lazima nchi yako iwe na kamati au taasisi inayoiwakilisha.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye karatasi. Mwanafunzi husubiri barua ya utambulisho ya chuo ndipo aanze kutafuta, barua ichelewe wiki tatu, na nafasi ziondoke. Omba mapema barua ya jumla isiyotaja kampuni, iandikwe “kwa yeyote anayehusika”, yenye tarehe za mafunzo na idadi ya wiki. Ukikubaliwa, utaomba nyingine yenye jina. Jua pia kama chuo kinakukatia bima, maana mwajiri mwenye karakana au maabara atauliza hilo kabla ya alama zako.

Nasoma ugavi, mwaka wa tatu. Kwa miezi miwili nimetuma maombi 70. Nimepata majibu matatu, yote “tutakutafuta”. Naambatisha barua niliyotuma, niambieni ukweli.

Ukweli ni kwamba hukutuma maombi 70. Umetuma ombi moja mara 70. Barua yako, yenye kichwa “MAOMBI” na anwani 34 zikionekana kwa kila mpokeaji, inasomeka hivi:

“Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa. Naomba nafasi yoyote itakayopatikana. Nitashukuru kwa ushirikiano wako.”

Maneno yaliyokumaliza ni “nafasi yoyote”. Umeyaandika kwa unyenyekevu, lakini mpokeaji anasikia: kaa chini unitafutie la kufanya. Hana muda huo. “Bila kusimamiwa” nayo inamtia shaka, kwa sababu mwanafunzi wa mafunzo ni wa kusimamiwa. Na aliyeona majina ya wapokeaji wenzake 33 alijua kwamba asipojibu yeye, hakuna kitakachoharibika.

Halafu kuna viambatisho: picha sita za vyeti, jumla MB 14. Faili likisafiri kwa barua pepe huvimba kwa takriban theluthi moja, hivyo MB 14 zinakaribia 19. Gmail inaruhusu hadi MB 25, lakini mitambo ya barua ya ofisi nyingi ina kikomo cha chini zaidi, na wakati mwingine ujumbe hurudishwa bila wewe kuona taarifa kwa kuwa imeingia kwenye taka. Tuma PDF moja isiyozidi MB 2, yenye jina linaloeleweka likiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine: jina lako, kisha “wasifu”, kisha “ugavi”. Faili linaloitwa “wasifu mpya wa mwisho 3” halimwambii mtu lolote. Vyeti visubiri viombwe.

Tumeiandika upya hivi:

Kichwa: *Maombi ya mafunzo kwa vitendo, kitengo cha ghala, Juni 2 hadi Agosti 8*

“Ndugu (jina la mkuu wa kitengo), nasoma ugavi, mwaka wa tatu. Nimeona kwenye tovuti yenu kwamba mwaka huu mnafungua ghala la pili. Naomba nafasi ya mafunzo ya wiki 10 katika kitengo cha ghala. Muhula uliopita nilihesabu na kupanga upya stoo ya maabara ya chuo, yenye vifaa 640, nikatengeneza jedwali la Excel linaloonyesha kinachokaribia kuisha. Nimeambatisha wasifu wa ukurasa mmoja. Barua ya chuo na bima ziko tayari. Naweza kufika kuonana nanyi Jumanne au Alhamisi yoyote.”

Maneno hayafiki 80. Msomaji anajua unataka nini, wapi, lini, umewahi kufanya nini, na kwamba karatasi hazitamsumbua. Kitu kimoja tu ndicho kinabadilika sana kutoka kampuni moja hadi nyingine: sentensi inayotaja jambo lao. Kuipata huchukua dakika 15 hadi 20 za kusoma tovuti na habari za kampuni, na ndiyo maana tunakushauri maombi 5 kwa wiki badala ya 35 kwa usiku mmoja.

Mwandikie mkuu wa kitengo, na nakala uipeleke kwa afisa rasilimali watu. Yule wa kwanza ndiye mwenye kazi zilizomlemea. Zikipita siku 7 za kazi, jibu juu ya barua yako ileile ili historia yote ibaki mahali pamoja, sentensi mbili tu: unakumbusha, na unauliza kama kuna mtu mwingine unayepaswa kumwandikia. Swali hilo la pili ni rahisi kulijibu hata kwa asiye na nafasi. Ikipita wiki nyingine kimya, piga simu mara moja, asubuhi. Baada ya hapo achana nao.

Weka daftari au jedwali lenye kampuni, mtu uliyemwandikia, tarehe ya kutuma, tarehe ya kukumbusha, na ulikofikia. Baada ya maombi 20 yaliyolengwa, lisome kama daktari anavyosoma kipimo. Hakuna hata usaili mmoja? Tatizo liko kwenye barua, wasifu, au aina ya kampuni unazochagua. Unaitwa kwenye usaili kisha kimya? Wasifu wako hauna tatizo, usiuguse. Fanya mazoezi ya kujieleza.

Matangazo mnayapata wapi? Nikitafuta mtandaoni naona ya mwaka jana tu.

Kwenye LinkedIn na tovuti nyingine za ajira, chuja kwa tarehe: saa 24 zilizopita, au wiki moja. Tangazo lenye zaidi ya siku 30 mara nyingi limebaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Washa arifa, lakini kwa majina matatu au manne ya kazi ileile, kwani anayetafuta mtu wa ghala anaweza kumwita msaidizi wa ugavi, karani wa stoo au mratibu wa usambazaji.

Google nayo ina vifaa ambavyo wengi hawavigusi. Ukiweka maneno ndani ya alama za nukuu, yanatafutwa kama yalivyo. Alama ya kutoa iliyogandana na neno huliondoa: *-semina*. Na *site:* ikifuatwa na anwani ya kampuni, bila nafasi katikati, hutafuta ndani ya tovuti hiyo tu. Utashangaa matangazo mangapi yamefukiwa kwenye kurasa za ndani ambazo hata menyu ya tovuti haizionyeshi.

Kuna orodha nyingine ambayo haiko mtandaoni kabisa. Nenda kwa mratibu wa mafunzo katika idara yako, uombe majina ya mahali walikopelekwa wanafunzi miaka miwili iliyopita. Kampuni iliyompokea mwanafunzi mwaka jana tayari ina meza, msimamizi, na mtu anayejua kujaza fomu za chuo chenu. Tungekuwa na saa moja tu ya kutafuta, tungeitumia hapo.

Sijawahi kuajiriwa popote. Wasifu wangu una elimu na “mambo ninayopenda” tu. Nijaze nini?

Mwanafunzi haulizwi kwanza amewahi kuajiriwa na nani. Anaulizwa amewahi kukamilisha nini. Mradi wa darasa, hesabu za chama cha wanafunzi, duka la shangazi ulilosimamia likizo, kufundisha wadogo hisabati: vyote vinaingia, ilimradi uviandike kama kazi. Chukua mstari huu uliouandika chini ya mambo unayopenda: “Nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi.” Hicho ni cheo. Andika hivi: “Nilikusanya ada za wanachama 112 kwa mihula miwili, nikafunga hesabu kila mwezi na kuwasilisha ripoti kwenye mikutano 4.” Kitenzi kwanza, kisha kiasi, kisha kilichotokea. Usipokuwa na namba usiitunge, kwa sababu usailini ndiyo itakayoulizwa.

Wewe unayesoma kompyuta huna kisingizio kabisa. Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hupokea mchango wa yeyote, na kila mstari uliouandika unabaki unaonekana. Google Summer of Code, inayoendeshwa tangu 2005, huwalipa posho wanaochangia wakiwa popote walipo, na wanaopita wengi ni wale walioanza kuzoeana na mradi kabla ya siku ya maombi.

Mpangilio: jina na mawasiliano, elimu, miradi, kazi na kujitolea, ujuzi. Ukurasa mmoja. Ondoa dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho na shule ya msingi. “Ujuzi wa kompyuta” haumwambii mtu kitu, lakini “Excel: SUMIFS, XLOOKUP, chati” unamwambia mengi. Na barua pepe ya utani uliyoifungua ukiwa na miaka 13, muda wake umekwisha.

Kampuni nyingi hupokea maombi kupitia programu inayoyasoma na kuyapanga. Zipo hadithi nyingi kwamba programu hiyo ndiyo inayotupa wasifu wa watu. Kwa kawaida yenyewe hupanga foleni tu, na kinachokutoa papo hapo ni maswali ya ndiyo au hapana kwenye fomu: uko mwaka wa ngapi, unaruhusiwa kufanya kazi nchini, utaanza lini. Yasome mara mbili. Hata hivyo programu inaweza kukusoma vibaya. Jipime hivi: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Kama namba yako ya simu imeangukia katikati ya elimu, au safu mbili zimechanganyika, programu inaweza kuona vurugu hiyohiyo. Kama hakuna kilichobandikika, wasifu wako ni picha, na kwa programu hauna neno hata moja. Tumia safu moja, bila visanduku wala nyota za kupimia ujuzi.

Kazi ni kujuana. Mimi ni mtoto wa mkulima, sina mjomba ofisini. Nifanyeje?

Kujuana kunasaidia, hatutakudanganya. Ila watu hukosea kudhani msaada hutoka kwa ndugu na marafiki wa karibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: walikuwa wakionana naye mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walionana naye mara mbili au zaidi kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Alihoji watu wachache, lakini mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yakihusisha watu zaidi ya milioni 20, na mwelekeo ukawa huohuo: wanaosaidia zaidi ni mnaofahamiana kidogo. Sababu si ngumu. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua. Yule mliyesalimiana mara mbili anaishi kwenye habari nyingine.

Watu hao unao. Wahitimu wa kozi yako wa mwaka mmoja hadi mitatu iliyopita, mhadhiri anayefanya kazi za ushauri nje, fundi wa maabara anayeletewa vifaa na kampuni fulani, mgeni aliyekuja kutoa mhadhara. Usiwaombe kazi. Ukiomba kazi, jibu rahisi ni “hapana”, na mazungumzo yamekwisha. Omba dakika 15:

“Habari za kazi, kaka. Nasoma ugavi pale uliposoma, mwaka wa tatu. Nimeona uko kwenye ununuzi. Naomba dakika 15 za simu wiki hii au ijayo nikuulize maswali matatu kuhusu kazi hiyo. Nitapiga mimi, saa utakayotaja.”

Piga saa hiyohiyo. Uliza siku yake ya kazi ikoje, ni kitu gani wanafunzi wa mafunzo hushindwa wanapofika, na ni nani mwingine angekushauri uzungumze naye. Dakika ya 15 ikifika, sema muda umekwisha. Akitaka kuendelea atasema mwenyewe. Kesho yake tuma shukrani ya sentensi moja inayotaja jambo alilokuambia, na miezi miwili baadaye mjulishe ulilifanyia nini. Wengi huishia kwenye “asante”, ndiyo maana anayerudi hukumbukwa.

Nimepata ujumbe kwamba nimeteuliwa, nitume pesa ya usajili na vipimo vya afya leo kabla ya saa kumi. Nitume?

Usitume. Mwajiri halisi hakuuzii nafasi, na haraka hiyo ya “leo kabla ya saa kumi” imewekwa ili usipate muda wa kumuuliza mtu. Tazama anwani ya barua herufi kwa herufi: herufi moja iliyoongezwa kwenye jina la kampuni inatosha kukupoteza. Tafuta namba ya simu kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si ile iliyo ndani ya ujumbe, upige uulize.

Kuna mtego mwingine usioomba pesa. Unatumiwa malipo kupita kiasi “kwa makosa” na kuombwa urudishe ziada, au “kazi” yenyewe ni kupokea pesa kwenye akaunti yako na kuzipeleka kwingine. Wa kwanza, malipo ya awali hubatilika na hasara inabaki kwako. Wa pili unaweza kukufikisha mahakamani kwa utakatishaji fedha hata kama hukujua. Kama ulishatuma, piga simu benki au kampuni ya simu sasa hivi waombe kusimamisha muamala, hifadhi ujumbe wote bila kufuta, badili nywila, kisha nenda polisi.

Wamenikubali lakini hawalipi. Nikubali?

Piga hesabu kwanza: nauli ya kwenda na kurudi mara siku zote za mafunzo, ongeza chakula cha mchana. Andika jumla hiyo kwenye karatasi. Kisha uliza, kwa maandishi: msimamizi wangu ni nani, wiki mbili za mwanzo nitafanya nini, kuna posho ya nauli, nani atasaini daftari la kumbukumbu na fomu ya tathmini. Kampuni isiyoweza kutaja msimamizi itakuweka mapokezi. Mafunzo ya wiki 8 hadi 10 yanayohesabiwa na chuo yanaweza kustahili gharama hiyo. Miezi sita ya kufanya kazi ya mtu aliyeacha kazi, bila senti, si mafunzo, na sehemu nyingine sheria inaikataza, kwa hiyo muulize mshauri wa ajira chuoni inasemaje kwenu.

Usaili wangu ni Ijumaa kwa njia ya video. Nijiandae na nini?

Sauti kuliko picha. Msaili atavumilia uso wenye kiwingu, lakini sauti inayokatika humchosha ndani ya dakika tano, hivyo tumia vipokea sauti vyenye waya na uwe na simu yenye bando pembeni. “Tueleze kuhusu wewe” ni ya sekunde 60 hadi 90, si historia ya maisha: unachosoma, jambo moja ulilokamilisha, kwa nini umewaomba wao. Andaa matukio manne, kila moja kwa dakika mbili: hali ilikuwaje, ulitakiwa nini, ulifanya nini, ikaishaje. Sehemu ya “ulifanya nini” ichukue zaidi ya nusu, na usijifiche nyuma ya “tulifanya”. Msaili anataka kujua mkono wako ulikuwa wapi.

Kampuni moja imenipa siku tatu nijibu, na ninayoitaka kweli bado haijanijibu.

Waandikie wote wawili leo. Wa kwanza: unashukuru, unaomba hadi tarehe fulani, uitaje, isizidi wiki moja zaidi. Wa pili: umepata nafasi kwingine inayotaka jibu tarehe hiyo, kwako wao ndio chaguo la kwanza, je, wanaweza kukujulisha kabla yake? Barua ya namna hiyo huwa inasukuma faili lililolala. Kama wa kwanza wakikataa kuongeza siku na wa pili wakikaa kimya, chukua iliyo mkononi. Ukishakubali usirudi nyuma: mratibu wenu ataombwa maelezo, na mwakani kampuni hiyo inaweza isimpokee mwanafunzi yeyote wa idara yenu.